Mkono Ulioshika Hatamu

Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, Ufini, alipatikana mshindi wa nishani ya fedha ambaye hangeweza kupanda jukwaa la washindi kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa mama wa Kidenmark, jina lake Lis Hartel, umri wake miaka 31. Kuanzia magotini kwenda chini miguu yake ilikuwa imepooza. Kupanda farasi alipandishwa, kushuka alishushwa. Basi ilipofika saa ya kutunukiwa, yule aliyemshinda, Mswidi aitwaye Henri Saint Cyr, alimwendea, akamshika, akamsaidia kupanda pale jukwaani.

Nimeanzia hapo, msomaji, kwa sababu karibu kila anayesimulia habari za farasi na tiba huanzia hapohapo. Lakini wakishamsifu mama na farasi wake, wanakwenda zao. Mkono wa yule Mswidi wanautaja kwa kupita tu. Mimi ndio ninaoutaka, na nitaurudia.

Kwanza ujue mchezo wenyewe. Si mbio, wala si kuruka viunzi. Ni mchezo wa madaha: farasi anatembea, anageuka, anakwenda upandeupande kama kaa, anakanyaga palepale bila kusogea, yote hayo kwa ishara ndogo ambazo mtazamaji hatakiwi kuziona. Kabla ya mwaka ule wa 1952 wanawake hawakuruhusiwa kuucheza kwenye Olimpiki, wala askari asiye afisa. Mwaka 1948 huko London timu ya Uswidi ilishinda dhahabu, na mwaka uliofuata ikanyang'anywa kwa kuwa mmoja wao, kumbe, alikuwa sajini. Eti sajini! Farasi hakuwa na habari ya vyeo, lakini wakubwa walikuwa nayo. Na huyo Saint Cyr alikuwa ndani ya timu hiyohiyo iliyonyang'anywa. Labda mtu aliyewahi kuambiwa arudishe kitu alichokitolea jasho huona upesi zaidi mwenzake anapokwama. Labda. Hiyo ni dhana yangu ya kiuandishi, usiichukue kama historia.

Hartel aliugua polio mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na ana mimba. Mtoto alizaliwa salama. Mama ndiye aliyebaki akijifunza upya kuinua mkono, kutambaa, kisha kwenda kwa magongo. Kisha akataka farasi. Hebu fikiria watu wa nyumbani walivyomtazama! Mpanda farasi humwambia farasi mambo mengi kwa miguu: mguso wa muundi, kisigino kidogo ubavuni. Yeye hayo yote hakuwa nayo tena. Ikambidi aseme kwa mgongo, kwa nyonga, kwa kuhamisha uzito kidogo huku na kidogo kule. Na farasi wake, jike aliyeitwa Jubilee, akajifunza kusikiliza lugha hiyo. Mwaka 1947 Hartel alishika nafasi ya pili katika mashindano ya nchi za Skandinavia. Halafu ikaja Helsinki. Mwaka 1956 akapata fedha tena, safari hii mjini Stockholm, maana Olimpiki ilikuwa Australia na sheria za karantini za huko hazikuruhusu farasi wa nje kuingia.

Habari hizi zikawafikia wataalamu wa tiba ya viungo. Polio wakati ule ilikuwa ikiwapooza watoto wengi. Chanjo ya Jonas Salk ilianza kutolewa kwa wingi mwaka 1955 tu. Huko Skandinavia na Uingereza baadhi ya wataalamu wakaanza kuwapandisha watoto waliopooza juu ya farasi wadogo, kwanza kama burudani, baadaye kwa hesabu ya kitaalamu. Waligundua jambo ambalo ukiambiwa unaona lilikuwa wazi tangu zamani: farasi akitembea polepole, mgongo wake huitikisa nyonga ya aliyempanda mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, karibu sawa na nyonga ya mtu anavyokwenda kwa miguu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hajawahi kutembea hata hatua moja, mwili wake unapewa kuonja kutembea. Misuli iliyokakamaa inapata joto la mnyama na kulegea. Shingo inalazimika kujishikilia. Polio ilipopungua katika nchi hizo, watoto hao wa mtindio wa ubongo ndio waliokuja mabandani. Kufikia mwaka 1969 kulikuwa na chama cha taifa cha upandaji farasi kwa walemavu nchini Uingereza, na mwaka huohuo kikaanzishwa kingine Marekani.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya historia hii: farasi kama miguu ya kuazima. Sina ugomvi nayo. Lakini yuko mtoto mwingine, ambaye miguu yake ni mizima, anakimbia vizuri sana, na kukimbia ndiyo kazi yake: anakukimbia wewe. Mtoto aliyeumizwa na watu wazima. Huyu naye waliletwa farasi wamponye, na hapo mimi nikashtuka, kwa sababu huyu nilimjua.

Ngoja nitoke Ulaya kidogo nije nyumbani. Mimi ni mtu wa Lamu, ingawa haya nayaandikia Mombasa. Kwetu farasi ni mnyama wa kusikika zaidi kuliko wa kuonekana. Mbung'o wa bara, kwa maradhi wanayoyaeneza, walimfanya farasi asienee sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, na hata huko Zanzibar ya masultani alikuwa mnyama wa majumba ya wakubwa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, anawataja farasi hao wa nyumbani kwao, na pia punda weupe wa Maskati waliokuwa fahari ya mabinti. Sisi wengine tuna punda wa kijivu. Mitaa ya Lamu ni myembamba, mizigo ni mizito, na mchanga, saruji, mawe, boriti na magunia ya unga vyote vimepita juu ya mgongo wa punda kwa karne nyingi. Pamoja na hayo, tazama lugha yetu inavyomlipa. Punda afe mzigo ufike. Shukrani ya punda ni mateke. Na ukitaka kumvunjia mtu heshima hadharani unajua utamwita nani.

Mjomba wangu alikuwa na punda watatu. Nilipokuwa darasa la saba alileta nyumbani mtoto wa kiume wa miaka minane hivi, wa ukoo wetu wa mbali upande wa mama. Yaliyompata huko alikotoka sitayasema, ni yake mwenyewe. Yatosha kusema kwamba waliomtenda walikuwa watu wazima aliokula nao sahani moja, na kwamba ukiinua mkono kuchukua kikombe rafuni, yeye alijikunja. Hakuwa bubu. Alisema "ndiyo" na "la", na "nimeshiba" hata kabla hajala.

Mama alimpa mapenzi. Alimkumbatia, na mtoto akawa mti mkavu mikononi mwake. Mwalimu wa chuoni alimpa nasaha. Mimi nikampa tiara yangu na viatu vyangu vya mpira vilivyonibana, nikajiona ndugu wa kupigiwa mfano. Mjomba hakumpa kitu ila ndoo. Alimwambia, "Wale watatu wanywe asubuhi na jioni," basi, akaenda zake kuswali.

Siku za mwanzo yule dume mkubwa hakunywa mtoto akiwa karibu. Alisimama masikio nyuma akingoja aondoke. Mtoto naye akaweka ndoo, akarudi nyuma mpaka ukutani, akangoja. Sijui ni siku ngapi zilipita hivyo. Nakumbuka tu kwamba jioni moja nilipita nikawaona wote wawili pamoja, punda kazamisha mdomo ndooni na mtoto amesimama kando ya bega lake, hakumgusa, anapumua tu. Nikacheka nikapita. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa sina macho.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimemaliza Kidato cha Nne na nimejipachika kazi ya kuandika riwaya ambayo bado hainitii, nilitaka kumweka mtoto huyo ndani yake na nikashindwa. Nikaanza kusoma kila nilichopata juu ya watoto na wanyama. Huko ndiko nilikomkuta Hans.

Hans alikuwa farasi wa Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini. Bwana wake, Wilhelm von Osten, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliamini kwamba amemsomesha. Ungemwuliza Hans saba jumlisha tano, naye angegonga kwato mara kumi na mbili. Alihesabu watu uani, alisema tarehe, alitoa jibu la sehemu. Watu walifurika. Mwaka 1904 tume ya wataalamu, ikiongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf, ilichunguza ikasema hakuna ulaghai. Na kweli haukuwapo. Mwanafunzi wa Stumpf, Oskar Pfungst, ndiye aliyelifumbua fumbo na kulichapisha mwaka 1907. Aligundua kwamba Hans anapatia pale tu anayeuliza anapolijua jibu, tena pale farasi anapoweza kumwona. Muulizaji akishauliza huinama kidogo kutazama kwato. Hesabu ikifika kwenye jibu, kichwa chake huinuka kidogo mno, bila yeye kujua. Hans alikuwa akisoma hicho. Hakujua hesabu hata moja. Alijua watu.

Wengi husimulia kisa hiki kama mzaha: farasi mjinga, mzee mjinga zaidi. Kwangu mimi ni kinyume chake kabisa. Fikiria mnyama anayeweza kuona kwamba ndani ya mtu kuna kitu kimekazwa na sasa kimelegea, wakati mtu mwenyewe hajui kama kimelegea! Pfungst aliendelea na jambo zuri zaidi. Alijiweka yeye mahali pa farasi, akawaambia watu wafikirie namba, akagonga kwa mkono na kusoma vichwa vyao, akapatia mara nyingi. Tena akakiri kwamba hata baada ya kuijua siri ile, yeye mwenyewe hakuweza kuuzuia mwili wake usimpe Hans ishara. Maana yake kwa farasi huwezi kujificha. Unaweza kutabasamu. Unaweza kusema kwa sauti tamu. Bega lako limeshasema.

Von Osten hakuyakubali matokeo hayo. Alikufa mwaka 1909.

Kwa nini farasi awe hivyo? Kwa sababu ni mnyama wa kuliwa. Simba ana macho mbele. Farasi anayo kando, anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, na uhai wake kwa maelfu ya miaka umetegemea kutambua mapema anayemjia ana nia gani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu, nyingine za furaha, nyingine za hasira. Kwa nyuso za hasira mioyo yao ilipanda mbio upesi zaidi, na walielekea kuzitazama kwa jicho la kushoto, jicho wanalotumia kwa vitu vya hatari. Ilikuwa picha tu, karatasi!

Sasa mweke mtoto aliyepigwa mbele ya mnyama huyo. Wote wawili wana elimu moja. Mtoto wa namna hiyo naye anajua kusoma bega; anajua kwa jinsi kitasa kinavyofunguka usiku utakuwaje. Wamekutana wanafunzi wawili wa shule moja ngumu.

Mganga wa kwanza kuandika kwa uzito juu ya mnyama chumbani mwa tiba ya mtoto hakuwa na farasi, alikuwa na mbwa. Ni Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York. Mtoto mmoja aliyejifungia ndani ya nafsi yake aliletwa kabla ya saa, na mbwa wa Levinson, Jingles, alikuwa bado yuko ofisini. Mbwa akamkimbilia, mtoto akamshika, na mambo ambayo wiki nyingi za mazungumzo hazikuyafungua yakaanza kufunguka. Levinson aliyasema hayo mbele ya wanasaikolojia wenzake mwaka 1961, na wapo waliomkejeli wakimwuliza kama mbwa naye hugawiwa ada. Mwaka 1962 akachapisha makala, na mwaka 1969 kitabu. (Kwetu Lamu habari ya mbwa ndani ya nyumba isingesikilizwa hata dakika moja, kwa hiyo nashukuru kwamba wengine walikuwa na farasi.)

Tangu hapo hatua ilikuwa fupi. Waliokuwa wakiwapandisha watoto farasi kwa ajili ya miguu waliona kwamba baadhi yao walibadilika tabia kabla hawajabadilika viungo, na kwamba mengi yalitokea chini, wakati wa kumpiga mnyama brashi, kumtoa tope kwatoni na kumfunga hatamu. Wengine wakaacha kupanda kabisa. Mwaka 1999 huko Marekani kilianzishwa chama kiitwacho EAGALA, ambacho kazi yake yote hufanyika mtu akiwa amesimama ardhini, pamoja na mtaalamu wa nafsi na mtu ajuaye farasi. Mtoto anaingia uwanjani, farasi yuko huru bila kamba. Anaambiwa, kwa mfano, amlete farasi mpaka pale. Hafundishwi namna. Akimwendea kwa kishindo, farasi anaondoka. Akimvizia kwa hila, farasi anaondoka. Akikata tamaa akasimama, akashusha mabega na kupumua, mara nyingi ndipo masikio yale yanapomgeukia. Hakuna aliyemwambia "jiamini" wala "tulia mwanangu". Amejibiwa na kilo mia tano za nyama ambazo hazina sababu ya kumbembeleza.

Sitaki kukuuzia dawa ya mabarabarani. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Marekani lilipitia tafiti 14 juu ya tiba za farasi kwa maradhi ya nafsi, likakuta zote zina kasoro kubwa: watu wachache, hakuna wa kulinganisha nao, na furaha ya kutoka mjini kwenda shambani haikutenganishwa na kazi ya farasi mwenyewe. Waliyosema yalikuwa haki. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa Colorado uliopangwa vizuri zaidi. Watoto 127 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 16, waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipanda farasi kwa wiki kumi, kundi la pili likaenda kwenye banda la farasi likafundishwa mambo ya farasi bila farasi wa kweli, walikuwa na farasi wa kushonwa, mkubwa kama farasi hasa. Waliopanda walitulia zaidi, hasira na mihangaiko vikapungua kuliko kwa wenzao, na wakaongeza maneno. Kwa hiyo kipo kitu. Ila huo ulikuwa usonji. Kwa mtoto aliyeumizwa na watu, ushahidi bado ni mwembamba, na yeyote akuambiaye vingine anatafuta ada.

Lakini katika kusoma kwangu kote nilikuwa namtafuta mtu mmoja ambaye vitabu vilimpita kama walivyompita Saint Cyr. Namaanisha yule mtu mzima aliyesimama kando ameshika hatamu.

Na hapa lazima nikiri. Mwaka uleule mjomba alinipa kazi ya kupeleka mchanga na punda baada ya shule. Nilikuwa na bakora ya mkoma. Alasiri moja, pale penye ngazi tukitoka ufuoni, yule dume akagoma. Shogi zilikuwa zimejaa, jua kali, wenzangu wananicheka. Nikampiga. Nikampiga tena, kwenye kiuno, mara sijui ngapi, mpaka akapanda. Nilipoinua macho nikamwona yule mtoto amesimama juu ya ngazi na ndoo tupu. Hakusema neno. Alinitazama mkono, hakunitazama uso.

Tangu siku hiyo hakupokea kitu kutoka kwangu. Si maji, si tende, hata sahani ya futari Ramadhani nzima. Viatu vyangu nilivikuta vimepangwa vizuri mlangoni pangu. Mimi nilidhani tumeshakuwa ndugu, kumbe muda wote ule nilikuwa kwenye mtihani, na mtahini hakuwa punda peke yake.

Haya ndiyo ninayoyaona katika historia hii yote. Tunasema farasi humfundisha mtoto kuamini. Lakini kumwamini farasi si kazi kubwa sana kwa mtoto aliyeumizwa, maana aliyemuumiza hakuwa farasi. Kazi ni kumwamini mtu. Na mtoto hawezi kukupima kwa namna unavyomtenda yeye, kwa sababu anajua watu wazima huwatendea watoto wema wakati wanapotaka kitu. Anakupima kwa namna unavyomtenda yule asiyeweza kukushtaki. Pale bandani anamwona mtu mzima, mwenye nguvu, akiinama kushika kwato na kuomba ruhusa ya mnyama. Anamwona akisubiri. Pengine ni mara yake ya kwanza kuona nguvu ikisubiri.

Hartel alisema na farasi kwa mgongo. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na watu waliomwinua wakamweka juu, kila siku, miaka na miaka, na mwisho yule Mswidi.

Punda naye ana sehemu yake katika habari hizi, na bahati imeileta mpaka mlangoni petu. Mwaka uleule wa 1969 Mwingereza Elisabeth Svendsen, aliyekuwa na hoteli huko Devon, alianzisha hifadhi ya punda walioteswa. Mwaka 1974 bibi mmoja alikufa akamwachia urithi: punda 204! Kwa mkupuo mmoja. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 alijenga karibu na hifadhi yake kituo cha kuwapandisha punda watoto wenye ulemavu, akisema wote wawili wanapata faida, mtoto na punda. Siku hizi hifadhi hiyo huwapokea pia watoto na vijana walio katika hali ngumu za maisha, ambao hawapandi, wanakaa na punda tu na kujifunza kuwasoma. Mama Svendsen alipokuja Lamu katika miaka ya 1980 aliwaona punda wetu, vidonda vyao na minyoo yao, na mwaka 1987 ikafunguliwa zahanati ya punda palepale mjini, matibabu bure. Alifariki mwaka 2011.

Wazee wa kwetu mwanzoni walicheka, mzungu kuleta hospitali ya punda. Baadaye wakapanga foleni.

Yule dume alipata kidonda mgongoni, pale shogi zilipomsugua, na mjomba akaniambia nimpeleke huko. Hakunigombeza. Nadhani alijua. Mtoto akatufuata kwa mbali, hatua ishirini nyuma. Aliyetupokea alikuwa kijana wa Lamu kama sisi. Kwanza hakukigusa kidonda. Alisimama kando ya shingo, akaweka kiganja begani mwa punda, akangoja mpaka sikio likamgeukia. Kisha akashuka na kiganja hichohicho taratibu mpaka karibu na kidonda, akatoka, akarudi, akatoka tena. Kusafisha kwenyewe kulichukua dakika tano. Kungoja kulichukua zaidi ya hapo. Mtoto alikuwa ameshasogea mpaka mlangoni. Alikuwa akitazama ule mkono.

Tukarudi siku ya pili, na ya tatu. Ya nne kijana yule akampa mtoto pamba ashike. Mtoto akapokea. Kutoka mkononi mwa mtu, akapokea.

Mimi ilinichukua muda mrefu zaidi, na bakora nilishaiacha zamani. Pepo za kusi zilikuwa zimeanza. Tulikuwa tunawatoa punda alfajiri, mtoto mbele na yule dume, mimi nyuma na wawili. Penye ngazi zilezile akasimama, akageuka, akanyoosha mkono wenye kamba. Sikuelewa. Akautikisa kidogo, kama mtu anayesema chukua basi. Nikapokea. Punda alipoona kamba iko kwangu akarudisha masikio nyuma na kukaza miguu, hakupiga hata hatua moja. Mtoto akaenda kukaa kwenye ngazi ya juu, ndoo magotini. Nikaweka kiganja begani mwa punda, tukangoja.